Kabla ya Kununua Kabureta Kubwa: Somo kwa Waendesha Bodaboda wa Budondo



Katika mikutano yetu ya steji za Budondo swali moja limerudi mara nyingi, hata tumeona lafaa kuandikiwa somo zima. Mwenzetu husimama na kusema: "Pikipiki yangu ni ya cc 100. Nikipakia abiria na gunia lake la mahindi haipandi kilima. Nimeweka akiba shilingi 300,000. Je, nifunge kabureta ya pikipiki kubwa, au nitie pistoni kubwa, au nifanye nini?"

Swali hili si la mchezo. Budondo iliingizwa katika Jiji la Jinja mwezi wa Julai 2020, lakini vilima vyake havikusawazishwa siku ile. Barabara nyingi zinazoshuka kwenda mtoni ni za murram, na kila anayeshuka na abiria hana budi kupanda naye tena, ama na mzigo wa ndizi, mkaa au miwa. Pikipiki isiyopanda haina kazi. Na shilingi 300,000 ni jasho la miezi mingi, ambalo likitumiwa vibaya halirudi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: usinunue kitu chochote mpaka ujue nguvu uliyouziwa pamoja na pikipiki imepotelea wapi. Jibu refu linafuata.

Yaliyompata mwenzetu

Tuna ruhusa ya kueleza kisa cha mwanachama mmoja wa kwetu, bila kumtaja jina. Alikuwa na Boxer ya cc 100 ya mkopo, yenye miaka minne kazini. Ilianza kuchoka kilimani. Fundi mmoja akamshauri afunge kabureta ya pikipiki ya cc 150, aondoe chujio la hewa "ili injini ipumue", na atoboe bomba la moshi. Mwenzetu akakubali. Kabureta ya zamani akaiuza papo hapo kwa bei ya chakula cha mchana.

Siku ya kwanza alifurahi kwa sababu ya sauti. Siku ya pili aliona injini inazimika kila anaposimama, na petroli inakwisha kabla ya saa nane mchana. Akarudi kwa fundi, naye akafunga jeti ndogo zaidi ili kupunguza ulaji. Sasa injini ikawa inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Wiki iliyofuata, katikati ya kilima, akiwa na abiria na jua likiwaka, pistoni ilikwama ndani ya silinda.

Pikipiki ililala wiki tatu. Malipo ya mkopo hayakulala. Mkopeshaji akaichukua, nasi wa chama tukaenda naye mara mbili kuomba muda mpaka ikarudishwa. Lakini jambo lililotuuma zaidi ni hili: fundi mwingine alipofungua kichwa cha injini alikuta valvu ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Ilikuwa inavuja tangu zamani. Ndiyo iliyokuwa imemaliza nguvu hapo mwanzo. Kabureta ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Injini ya cc 100 ina nini ndani yake

Tufanye hesabu kidogo. Sisi wenyewe hatukwenda mbali na shule, na hesabu hii haizidi ile ya darasa la saba.

Pistoni ya Boxer BM 100 ina upana wa milimita 53, na hupanda na kushuka milimita 45. Chukua nusu ya 53, yaani 26.5, uizidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.142. Unapata milimita za mraba 2,206. Zidisha kwa 45 ugawanye kwa 1,000, unapata cc 99 na ushei. Hiyo ndiyo "mia" tunayoisema.

Sasa, dukani kuna pistoni za kuzidi kipimo: 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1 nzima. Wengi hudhani pistoni ya "50" au ya "100" ni injini kubwa. Fanya hesabu ile ile kwa milimita 54, yaani pistoni iliyozidi kabisa. Jibu ni cc 103. Basi umekata silinda yako mpaka mwisho wake, na umeongeza cc nne! Pistoni hizo hazikutengenezwa kwa kuongeza nguvu. Zilitengenezwa ili silinda iliyolika ikatwe upya iwe ya mviringo, ipate pistoni ya kuijaa. Kazi yake ni kurudisha nguvu iliyopotea, na kazi hiyo huifanya vizuri sana.

Na Boxer ya 150 je? Pistoni yake ni milimita 56, tofauti ya milimita tatu tu na yetu. Lakini inasafiri milimita 58.8 badala ya 45. Ukubwa wake unatokana na krenki, ule mhimili uliopinda unaoisukuma pistoni juu na chini. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba atakugeuzia 100 kuwa 150 kwa kubadilisha pistoni peke yake, mwombe akuonyeshe hesabu. Kwa krenki ya milimita 45 ungehitaji pistoni ya upana wa milimita 65. Silinda ya cc 100 haina chuma cha kutosha kukatwa kiasi hicho.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni mahali tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na sisi tuko juu yake. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ule wa Mombasa. Injini hula hewa kabla ya kula petroli, na hewa ikipungua nguvu hupungua. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi nane kiwandani hutoa takriban saba hapa kwetu, hata ikiwa mpya. Ndugu zetu wa Mbale wanaopeleka abiria Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanapoteza zaidi, kwa kuwa kule ni karibu asilimia 80. Huo si ugonjwa wa pikipiki. Tena kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda mlima. Hewa inakuwa nyepesi, nayo inaendelea kumwaga petroli karibu kiasi kile kile, mchanganyiko unazidi petroli na plagi inakuwa nyeusi. Basi anayefunga jeti kubwa kwa sababu jamaa yake wa Mombasa ameifunga, anakwenda upande usio wake.

Kabureta kama mto

Kila mtu wa Budondo ameuona mto Nile. Pale Itanda mto unabanwa na miamba, na maji yanakwenda kwa kishindo hata huwezi kusikia mwenzako anasema nini. Nenda juu zaidi, nyuma ya bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012, uone pale palipokuwa na maporomoko. Mto ni ule ule na maji ni yale yale, lakini kwa kuwa yamepata upana na kina yametulia kama ya ziwa.

Kabureta hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Ndani yake kuna koo jembamba. Injini inavuta hewa, hewa inapita kooni kwa mbio, na mbio hiyo ndiyo inayoinua petroli kutoka katika kikombe cha chini, kupitia jeti, na kuirusha kama ukungu mwepesi. Ukipanua koo wakati injini ni ile ile ndogo, hewa inapoteza mbio. Tuseme koo lilikuwa milimita 18, ukafunga la 26. Eneo lake limezidi mara mbili, kwa hiyo mbio ya hewa imepungua chini ya nusu. Petroli haiinuki vizuri, inaingia kwa matone makubwa, na nguvu ya chini inakufa. Na nguvu ya chini ndiyo unayoihitaji kilimani ukiwa na mzigo!

Kabureta kubwa humfaa mtu anayeikimbiza injini kwa mzunguko wa juu muda wote, kama wafanyavyo watu wa mashindano. Tena hao wamebadilisha na valvu, na kemshafti, na bomba. Sisi kazi yetu ni kuondoka na abiria, kupanda polepole, kusimama na kuondoka tena. Kabureta za PZ27 na PZ30 tunazoziona madukani ni nzuri kwa injini zilizotengenezewa, yaani zile za aina ya CG za cc 150 na 200. Kwa injini ya cc 100 ni viatu vya mtu mwingine.

Hata hivyo tusiseme kwamba kabureta haibadilishwi kamwe. Kabureta huchoka. Ile sindano inapanda na kushuka ndani ya tundu lake maelfu ya mara kwa siku, tundu linapanuka, na kile kipande kinachoinuliwa na waya wa gesi kinalegea. Hapo injini inakula petroli hata ukiisafisha kila wiki. Pikipiki iliyofanya kazi miaka minne au mitano, kabureta mpya ya kipimo kile kile cha kiwandani ni fedha iliyotumika vizuri. Ndiyo mabadiliko ya kabureta tunayoyapendekeza kwa mwenye mfuko mdogo, na pengine ndiyo peke yake.

Pima kwanza

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vipimo vifuatavyo vingi havigharimu kitu ila muda wa asubuhi moja. Vifanyeni wawili wawili pale steji.

Simamisha pikipiki juu ya stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, gea ikiwa huru. Lizungushe kwa mkono. Likisimama upesi, breki inashika au cheni imekazwa mno. Tumeona pikipiki mbili mwaka huu zilizosemwa kuwa "injini imekufa", kumbe zilikuwa zinapanda kilima na breki imeshikwa.

Panda kilima ukisikiliza. Kama injini inalia juu lakini pikipiki haisogei kwa kadiri ya kilio, klachi inateleza. Plati za klachi ni bei ndogo kuliko pistoni.

Kama inapanda vizuri mwanzoni kisha inakatika nusu ya kilima, na baada ya kusimama dakika chache inaendelea, tazama njia ya petroli. Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupitisha hewa. Kikiziba kwa vumbi, petroli haishuki. Tazama pia kichujio cha koki, na kutu ndani ya tangi.

Toa plagi. Lakini si asubuhi baada ya kuwasha tu. Panda kilima gesi ikiwa wazi, ukifika juu kamata klachi na uzime injini hapo hapo, kisha uifungue kwa uangalifu maana ni ya moto. Rangi ya ganda la karanga ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu: petroli imezidi, au chujio la hewa limeziba. Nyeusi yenye mafuta mafuta: oili inaingia ndani, ringi au mipira ya valvu imechoka. Nyeupe kama majivu: petroli ni kidogo na injini inaungua. Ukiona nyeupe usibebe mzigo mpaka ijulikane sababu, kwani hiyo ndiyo rangi iliyomtangulia mwenzetu wa kisa chetu.

Kisha kuna valvu. Kati ya valvu na mkono unaoisukuma huachwa nafasi ndogo, sehemu chache za mia za milimita moja. Namba kamili imo katika kitabu cha pikipiki yako, nayo hupimwa injini ikiwa baridi, kwa kipande chembamba cha chuma ambacho mafundi huita fila geji. Valvu inapokaa zaidi kwenye kiti chake nafasi hiyo inapungua, na mwisho valvu haifungi kabisa. Moto unapita ukingoni, valvu inaungua, mgandamizo unapotea. Haipigi kelele! Valvu iliyolegea hugonga ukaisikia, lakini iliyobana hukaa kimya mpaka iungue. Kwa hiyo anayesema "injini yangu haina kelele, valvu ni salama" anajidanganya. Kurekebisha ni kazi ya nusu saa.

Kipimo cha mwisho ni mgandamizo, kompresheni ya mafundi. Chenye kipimo cha saa hufungwa kwenye tundu la plagi, gesi ikafunguliwa yote, kiki ikapigwa mara kadhaa. Namba ikiwa ndogo, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu hilo na upime tena. Ikipanda, ringi na silinda ndizo zilizolika, kwa kuwa oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, valvu ndizo zinazovuja. Kwa kijiko kimoja cha oili unajua kama fedha yako iende juu ya injini au katikati. Asiye na saa anaweza kuhisi kwa mguu kama kiki imekuwa nyepesi, ingawa mguu hudanganya.

Meno ya spoketi

Wazee walioianza kazi yetu kwa baiskeli mpakani Busia, miaka ya 1960, hawakuwa na injini ya kuongeza. Lakini walijua meno. Mwenye gia kubwa ya nyuma alipanda kilima amekaa, na mwenye ndogo alishuka akasukuma.

Hesabu ni ya kugawanya tu. Tuseme spoketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawanya: 3. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, unapata 3.2. Nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu imeongezeka kama asilimia 7, katika kila gea. Ukiacha ya nyuma na kufunga ya mbele yenye meno 13, unapata 3.23, karibu asilimia 8, kwa bei ndogo zaidi. Hesabu meno ya pikipiki yako mwenyewe, usichukue ya mfano wetu.

Hasara yake ipo. Mbio ya mwisho inapungua kwa kiasi kile kile, na injini inazunguka zaidi kwenye lami. Kwa mtu anayekwenda Jinja mjini na kurudi kutwa, huenda asipende. Spoketi ndogo ya mbele pia hupinda cheni zaidi, ikalika upesi. Lakini kwa anayefanya kazi ya vilima na mashamba, hakuna fedha inayonunua nguvu zaidi ya hii, shilingi kwa shilingi. Nunua pamoja na cheni ikiwa cheni imechoka, maana cheni iliyovutika itaiharibu spoketi mpya.

Injini ikishalika

Vipimo vikionyesha kwamba ringi na silinda zimekwisha, hapo ndipo pistoni ya kuzidi kipimo ina haki yake. Anza na ndogo inayotosha kuondoa mikwaruzo, ili ubaki na nafasi ya kukata tena siku nyingine. Nunua pistoni kwanza, kisha uipeleke kwa mkataji wa silinda pamoja na silinda yenyewe. Nafasi kati ya viwili hivyo ni sehemu za mia za milimita, na pistoni mbili zenye namba moja zaweza kutofautiana. Mkataji anayekata bila kuiona pistoni anabahatisha. Valvu zisagwe wakati huo huo, kwani kichwa kimeshafunguliwa.

Tia katika hesabu na siku za kuizoesha. Kwa kilomita mia chache za mwanzo usibebe mzigo mzito wala usikae kwenye mbio moja muda mrefu, na oili ya kwanza imwagwe mapema kwa sababu ina unga wa chuma. Mapato ya siku hizo yatakuwa madogo. Usipoyahesabu, utapakia magunia siku ya pili kwa sababu ya mkopo, na kazi yote itaharibika.

Juu ya spea za bandia, hatuna dawa kamili. Uliza maduka matatu, chukua ile ya zamani mkononi uilinganishe uzito na alama, dai risiti yenye jina la spea, na kipande kilichotolewa kiwe chako. Fundi mwaminifu hakasiriki akiombwa aonyeshe alichotoa. Naye ni mfanyakazi kama sisi, tusimtuhumu bila sababu, lakini tusimwachie peke yake kuamua juu ya fedha yetu.

Chujio la hewa lisiondolewe. Mwezi wa Januari na Februari murram yetu ni unga, na unga huo ukiingia kwenye silinda ni msasa. Na bomba lililotobolewa linaongeza sauti. Majirani wataisikia nguvu kabla ya kilima kuiona.

Kubadilisha injini nzima

Wapo wanaouliza kuhusu kufunga injini ya 125 au 150 kwenye fremu ya 100. Fundi hodari anaweza. Lakini namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, na injini isiyolingana na kadi inakufanya mshukiwa wa wizi mbele ya askari yeyote atakayeinama kuisoma. Mabadiliko hayo hayana budi kupelekwa kwenye ofisi ya usajili yaandikwe. Na ikiwa kadi bado iko kwa mkopeshaji, pikipiki si yako kuigeuza. Soma mkataba au utuletee tuusome pamoja. Tena breki ni zile zile za dramu zilizofanyiwa hesabu ya injini ndogo.

Ikiwa kazi yako ya kila siku ni magunia mawili kupanda kilima, ukweli ni kwamba unahitaji pikipiki nyingine. Kuiuza ya 100 ikiwa nzima na kuongezea upate ya 125 au 150 iliyotumika ni njia ndefu, lakini haikuachii injini iliyokatwakatwa ambayo hakuna anayeitaka.

Kabla ya kuamua, weka na petroli kwenye mizani. Huu ni mfano: unakwenda kilomita 120 kwa siku, na pikipiki inakwenda kilomita 50 kwa lita. Unatumia lita 2.4. Ukifunga kitu kinachoishusha hadi kilomita 40, unatumia lita 3. Lita ikiwa shilingi 5,000, umeongeza shilingi 3,000 kwa siku, na kwa siku 26 ni shilingi 78,000. Kwa miezi minne hiyo imepita ile akiba ya shilingi 300,000. Na bei haikai mahali pamoja. Mnakumbuka Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia juu ya ada ya kupimwa Covid, jinsi petroli ilivyopanda kwa siku chache. Aliyekuwa na injini yenye kiu aliegesha.

Tungepanga hivi hizo shilingi 300,000: kwanza vipimo vyote, marekebisho ya valvu, plagi, chujio la hewa, oili na breki. Kisha spoketi na cheni. Kisha, ikiwa kabureta imelika, mpya ya kipimo kile kile. Hapo simama, fanya kazi mwezi mmoja, andika petroli na mapato kila jioni. Kinachobaki kiwekwe kwa ajili ya silinda, siku itakapodai. Na kipande cha zamani kisiuzwe kabla mwezi huo haujaisha.

Fila geji na saa ya kupimia mgandamizo ni vitu ambavyo mtu mmoja haoni sababu ya kununua, lakini steji ya watu ishirini ikichanga, kila mmoja atatoa kidogo kuliko bei ya soda chache. Tumeanza mpango huo katika steji mbili. Vifaa vinakaa kwa mwenyekiti wa steji, pamoja na daftari ambamo kila pikipiki ina ukurasa wake: tarehe, kilomita, nafasi ya valvu, mgandamizo, rangi ya plagi. Steji inayotaka kujiunga imtume mjumbe kwenye mkutano ujao.

Mwenzetu wa kisa chetu ndiye aliyeandikwa ukurasa wa kwanza. Silinda yake imekatwa kwa pistoni ya 0.50, valvu ni mpya, na spoketi ya mbele imepungua jino moja. Kabureta yake ya zamani aliikuta bado iko kwa yule aliyemuuzia, akaikomboa kwa bei mara mbili ya ile aliyopewa.